Nta Kila Msimu, Mashine kwa Nadra: Ya Kufanya na Kutofanya kwa Rangi ya Gari Lavington

Kila Jumamosi, kuanzia Valley Arcade hadi barabara ya James Gichuru, magari mazuri yanaharibiwa na watu wanaoyapenda. Mwenye gari amelipia polishi, mashine imenguruma juu ya boneti, mng'aro umemridhisha, ameondoka. Mwezi ujao anarudi kulipia tena. Akiendelea hivyo miaka kadhaa, paa litaanza kupauka, kisha kubabuka mabaka meupe, na atakayefuata kulipwa ni fundi wa kunyunyiza rangi. Orodha hii ni kali kwa sababu sehemu ya rangi inayoondolewa na mashine hairudi.

Jua unalipia nini kabla hujatoa shilingi. Nta na polishi ni kazi mbili zinazokwenda kinyume. Nta huongeza tabaka jembamba juu ya rangi, na tabaka hilo ndilo linaloliwa na jua, mvua na uchafu badala ya rangi yenyewe. Polishi hupunguza: ina chembe zinazosugua na kuondoa sehemu ya juu ya rangi ili mikwaruzo isionekane. Katika magari mengi ya miongo ya karibuni, juu ya rangi kuna utando angavu ambao mafundi huuita klia. Ukitoka kiwandani, unene wake kwa kawaida ni kati ya mikroni 35 na 50, pungufu ya unene wa unywele mmoja wa binadamu. Humo ndimo mlimo viambato vinavyozuia mionzi ya jua isiifikie rangi. Mashine ikipita na dawa kali, mikroni kadhaa zinakwenda, na kinga inakwenda nazo. Ipige hesabu hiyo mara kumi na mbili kwa mwaka uone unachobakiwa nacho.

Basi ukiagiza nta ukamwona fundi anachukua mashine na chupa ya kompaundi, msimamishe hapo hapo, kwa heshima, umwulize anataka kuondoa nini. Asipokuonyesha mkwaruzo, mashine haina kazi siku hiyo.

Paka nta mara nne kwa mwaka kama gari linalala nje. Usihesabu kwa kilomita wala kwa sikukuu. Hesabu kwa anga la Nairobi. Lavington iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ikweta iko zaidi kidogo ya digrii moja tu kaskazini yake. Baridi ya Julai huwafanya watu waamini kwamba jua letu ni la upole. Si kweli. Mionzi ya urujuanimno, ile inayochoma ngozi na kuvunjavunja klia, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na jua la mchana hapa husimama wima juu ya utosi mara mbili kwa mwaka: katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Panga tarehe zako kwa kufuata hayo.

Ya kwanza ni wiki ya mwisho ya Februari, kabla jua halijafika utosini na kabla ya mvua za masika. Ya pili ni Juni, masika yakishakatika na matope yakishaoshwa. Ya tatu ni katikati ya Septemba, na hii usiikose hata ukikosa nyingine zote, kwa kuwa inatangulia jua la wima, mvua za vuli na maua ya jakaranda ambayo Oktoba hufunika boneti, yakalowa, yakaoza na kuacha madoa. Ya nne ni Desemba, kabla ya safari ya Mombasa au ya mashambani, ili chumvi ya bahari na wadudu wa barabarani wakute kizuizi, na Januari yenye jua kali ikukute umejiandaa.

Gari linalolala kwenye gereji au chini ya jengo la maghorofa, na mchana likakaa kivulini, litatosheka na mara mbili, Februari na Septemba.

Usichague nta kwa harufu wala kwa urembo wa kopo. Hesabu ya mara nne ni ya nta za viwandani zinazoitwa silanti, ambazo zikipakwa vizuri hudumu miezi minne hadi sita. Nta ya karnauba hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende unaomea kaskazini-mashariki mwa Brazil. Mng'aro wake ni wa kina, na juu ya rangi nyeusi au nyekundu sijaona kinachoushinda kwa uzuri. Lakini gari likilala nje katika jua hili, karnauba itakudai kila baada ya wiki sita hadi nane. Kama huna nafasi hiyo, usiinunue. Nta iliyokwisha haikulindi kwa sababu tu ulilipa ghali.

Usipake kwa kuwa tarehe imefika tu, yaulize maji. Osha gari kwa shampuu ya magari, suuza, kisha mwaga maji safi juu ya boneti. Yakijikusanya matone ya mviringo na kuteleza, nta ingali kazini. Yakitandaa na kulala kama juu ya meza ya mbao, imekwisha. Ufanye uchunguzi huu baada ya kuosha, maana tabaka la vumbi linaweza kuficha nta ambayo ingali hai. Uufanye kwenye boneti, paa na kifuniko cha buti kwanza. Sehemu hizo zinatazama juu na huisha mapema kuliko milango. Ukiwa na saa moja tu na kopo dogo, paka hizo tatu, milango isubiri wiki ijayo.

Safisha kwa kina kabla ya nta, mara mbili kwa mwaka. Kuosha peke yake hakutoi kila kitu. Chembe za chuma kutoka kwenye breki, utomvu, lami na matone madogo ya rangi kutoka kwenye majengo yanayojengwa hung'ang'ania klia. Gari likiwa safi na kavu, vaa mkononi mfuko mwembamba wa mkate (mifuko ya rambo imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017), kisha pitisha vidole taratibu juu ya boneti. Ukisikia vijipele, kuna uchafu ulioshika. Dawa yake ni udongo maalumu wa kusafishia rangi unaouzwa na wauza vifaa vya magari. Uteleze juu ya rangi iliyoloweshwa kwa maji ya shampuu, bila kukandamiza, ukiukunja kila uso wake unapochafuka. Ukianguka chini, tupa. Usiupanguse, usiusuuze. Mchanga ulioingia ndani yake hautoki, na utauburuza juu ya rangi yako yote.

Kuipaka nta juu ya vijipele hivyo ni kuufungia uchafu ndani.

Usipake kwenye bati la moto. Fanya kazi kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni, kivulini. Weka kiganja juu ya boneti. Kikikataa kutulia pale, ahirisha. Nta juu ya bati la moto hukauka kabla haijatandaa, ikashika kwa mabaka, na mtu akiona mabaka huanza kusugua kwa nguvu. Hapo mikwaruzo mipya huzaliwa kwa mkono wa mwenye gari mwenyewe.

Paka sehemu moja baada ya nyingine. Tabaka jembamba, kiasi kwamba karibu hulioni. Tabaka nene halilindi zaidi. Linapoteza nta na kuchosha mkono. Epuka plastiki nyeusi isiyopakwa rangi kwenye bampa na pembeni mwa vioo, kwa kuwa nta ikiingia kwenye vinyweleo vyake huacha weupe unaokera kwa miezi.

Mashine ya polishi: mara moja kwa miaka miwili au zaidi, na kwa sababu. Sababu ni mikwaruzo inayoonekana juani, doa lililoingia ndani, au rangi iliyopauka. Kuuza gari si sababu. Harusi si sababu. Dai fundi apime unene wa rangi kwa kipimo cha mikroni kabla ya kuanza, apime sehemu kadhaa za kila bati, na aanze na dawa laini kuliko zote kwenye eneo dogo. Mkwaruzo unaonasa ukucha ni wa kina. Ukijaribu kuufuta kabisa utaimaliza klia iliyouzunguka. Uache.

Hapa wenye magari kutoka Japan, ambao ndio wengi wetu, wasikilize kwa makini. Kenya inaruhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa halijazidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Gari la miaka saba linaposhuka bandarini Mombasa, unene wa klia yake si ule wa kiwandani. Huenda limeng'arishwa mara kadhaa huko lilikotoka. Dai karatasi ya mnada na uisome mchoro wake: herufi A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya, XX ni bati lililobadilishwa. Kila penye W au XX, rangi yake si ya kiwandani, na unene wake unaweza kuwa wowote. Karatasi hiyo huhifadhiwa na wachache. Wengi huitupa mara gari linapopata namba, nayo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha rangi waliyoinunua.

Kisha jaribu kama gari lako lina klia kabisa. Baadhi ya magari, hasa ya kazi yenye rangi nyeupe, hupakwa rangi ya tabaka moja. Sugua polishi kidogo kwa kitambaa cheusi mahali pasipoonekana. Kitambaa kikigeuka cheupe, unaondoa rangi yenyewe, na mashine uiogope maradufu.

Usifute vumbi kavukavu. Kamwe. Hili ndilo linaloharibu magari ya Lavington kuliko yote mengine, na linafanywa kwa nia njema. Saa kumi na mbili asubuhi, kwenye maegesho ya majumba ya barabara ya Gitanga na Othaya, bawabu anapita na kitambaa kilekile gari hadi gari, akifuta vumbi la usiku ili mwenye gari atoke akiwa nadhifu. Vumbi letu ni la udongo mwekundu, udongo uleule ambamo wamisionari wa St Austin's, waliofika mwaka 1899, walipanda kahawa. Lina chembe za chuma na mchanga. Ukilisukuma kwa kitambaa kikavu juu ya rangi, kila chembe inachora mstari. Angalia gari jeusi saa sita mchana: ile mizunguko kama utando wa buibui ni kumbukumbu ya asubuhi hizo zote.

Ongea na bawabu. Mwambie hutaki gari lifutwe bila maji, na useme waziwazi kwamba ujira wake haupungui. Anayeosha gari lako mnunulie ndoo mbili, moja ya shampuu na nyingine ya kusuuzia kitambaa, pamoja na vitambaa vya maikrofaiba: vya mwili wa gari peke yake, vya rimu peke yake. Ni dhuluma kumlaumu mtu kwa mikwaruzo huku umemwachia fulana kuukuu na ndoo moja ya maji ya kahawia.

Vumbi la mjengo lisisubirishwe hata siku moja. Lavington ya nyumba za bustani inageuka Lavington ya maghorofa, na karibu kila barabara ina mjengo. Vumbi la saruji si sawa na la udongo. Lina asili ya chokaa, na likikutana na umande wa asubuhi linaanza kuganda juu ya rangi na vioo. Lisuuze kwa maji mengi yanayotiririka, kuanzia paa kushuka, kabla ya kitambaa chochote kugusa gari. Usiwashe waipa juu yake. Likiwa limeshika, loweka kitambaa kwa siki ya jikoni iliyochanganywa na maji, kiweke juu ya doa kwa dakika chache, usuuze vizuri, kisha pale paka nta upya kwa sababu siki imeiondoa. Kama jirani anajenga, nunua turubai la gari, lakini usilivalishe gari lenye vumbi. Upepo ukilitikisa litasugua usiku kucha.

Usioshe kwa sabuni ya unga. Sabuni ya kufulia imetengenezwa kuondoa mafuta, na nta ni jamii ya mafuta. Ukiosha nayo Jumamosi hii, umeosha na nta uliyopaka wiki jana. Ukiwa kwenye kituo cha kuoshea kandokando ya barabara, uliza kilichomo ndani ya ndoo. Wakikujibu kwa jina la sabuni ya nguo, toa shampuu yako kwenye buti, uwaombe watumie hiyo.

Ondoa kinyesi cha ndege siku ileile. Kwarara wanaopiga kelele alfajiri juu ya bustani za mtaa huu hawachagui gari. Kinyesi kina tindikali, lakini madhara makubwa huletwa na joto: mchana klia hulainika na kutanuka, kinyesi hukauka na kuwa kigumu, na jioni klia inapojikunja inachukua umbo lake. Alama hiyo haitoki kwa kuosha. Loweka kwa kitambaa chenye maji dakika tano, kisha kiinue pamoja na uchafu. Usikwangue kwa ukucha. Weka chupa ya maji na kitambaa safi ndani ya gari mwaka mzima.

Usiuziwe seramiki kama kinga ya milele. Tabaka la seramiki ni kitu kizuri likipakwa na anayejua, juu ya rangi iliyotayarishwa, na hudumu kwa mwaka mmoja hadi miaka kadhaa. Lakini ile 9H inayotajwa katika matangazo ni kipimo cha ugumu wa penseli, si ugumu wa mawe, na mchanga wa Kawangware utaikwaruza kama kawaida. Seramiki haizuii jiwe la barabarani, haifuti mikwaruzo iliyopo, inaifungia chini yake. Wala haikuondolei kuosha kila wiki moja au mbili. Kama maegesho yako ni chini ya mti na huna mpango wa kubadilisha namna ya kuosha, hifadhi pesa zako, paka silanti.

Subiri kabla ya kupaka nta kwenye rangi mpya. Bampa lililonyunyizwa rangi kwenye gereji isiyo na tanuri ya kukaushia linaonekana kavu siku hiyohiyo, ilhali vimiminika vilivyomo vinaendelea kutoka kwa wiki nyingi. Ukilifunika kwa nta mapema, unavizuia, na rangi hubaki laini au hufifia. Ngoja miezi miwili hadi mitatu. Muda huo osha kwa maji na shampuu tu, na ulikinge na kinyesi cha ndege kwa bidii zaidi. Na kama umebadilisha rangi ya gari zima, iandikishe kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili kitabu cha umiliki kilingane na gari lenyewe. Askari wa barabarani husoma rangi hiyo.

Kataa dizeli na mafuta ya taa. Vituo vingi vya kuosha hunyunyizia mchanganyiko huo kwenye matairi, plastiki na injini ili viwe vyeusi na vya kung'aa. Mpira huvimba na kupasuka, vumbi hunata mara mbili, na injini yenye joto iliyomwagiwa mafuta ni hatari ya moto. Sema hapana kabla gari halijaingia, kwa sababu baada ya hapo kijana ameshanyunyiza.

Usiache maji ya kisima yakaukie juu ya rangi. Maji ya visima vilivyochimbwa, ambayo majumba mengi hapa huyategemea mifereji inapokauka, yana chumvichumvi. Yakikauka juani huacha miduara myeupe inayokula nta kwanza, klia baadaye. Osha upande mmoja, suuza, kausha kwa taulo la maikrofaiba kwa kuliweka na kuliinua, kisha hamia upande wa pili.

Maji machafu nayo yasielekezwe kwenye mtaro wa mvua. Mitaro ya upande huu huteremka kwenye vijito kama Kirichwa, na Kirichwa unaingia Mto Nairobi. Kanuni za ubora wa maji, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, zinakataza kuchafua maji namna hiyo. Oshea juu ya nyasi au changarawe, au mahali penye mfereji unaokwenda kwenye maji taka, na uzime bomba wakati unasugua.